Nani Alibeba? Uhakiki wa Insha za Safari ya Baiskeli kutoka Voi hadi Taveta

Likizo iliyopita wanafunzi sita wa idara yetu, wakiongozana nasi walimu wawili, walipakia baiskeli zao juu ya basi hapa Kampala na kwenda hadi Voi, nchini Kenya. Kwa siku nne tuliendesha baiskeli kuelekea Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Tulifuata barabara za changarawe za milima ya Taita kila zilipopatikana, na lami pale tu ilipotulazimu. Tuliichagua njia hii kwa sababu ina vilima, ina vumbi na ina historia: hapa ndipo Waingereza na Wajerumani walipopigana katika Vita Vikuu vya Kwanza.

Kazi waliyopewa wanafunzi ilikuwa moja, nayo ni kuandika insha ya safari yenye maneno yasiyozidi 800 kwa Kiswahili sanifu. Insha zote sita tumezisoma, tumezisahihisha, kisha tumezisoma tena. Makala haya ni uhakiki wa insha hizo. Msomaji atakayefika mwisho ataona kwamba ni uhakiki wa masahihisho yetu pia.

Njia na vita vyake

Kwa faida ya wasioijua sehemu hiyo, tueleze kwa ufupi. Agosti 1914, vita vilipoanza tu, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuuteka mji wa Taveta. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, ikapita Maktau, ili wapate njia ya kupeleka askari na vifaa katika nchi kavu isiyo na maji. Tarehe 12 Februari 1916 walikishambulia kilima cha Salaita, mashariki ya Taveta, wakashindwa; askari wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma, na kikosi cha Wabaluchi kutoka India ndicho kilichowakinga. Mwezi uliofuata, chini ya Jenerali Smuts, Waingereza waliirudisha Taveta na kupigana katika vilima vya Latema na Reata. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alirudi nyuma kuelekea kusini, na vita vikaendelea hadi Novemba 1918.

Sisi tulitoka Voi, tukapita mashamba ya mkonge ya Mwatate, tukapanda Wundanyi, tukateremka upande wa Bura na kufuata njia ya Maktau. Sehemu inayokatiza Hifadhi ya Tsavo Magharibi tulipakia baiskeli kwenye pikapu, kwa kuwa tembo hawajui sheria za barabarani. Tukaanza tena kuendesha karibu na Salaita na kumalizia Taveta, penye makaburi ya kijeshi.

Yaliyofanywa vizuri

Haki ya mwandishi ni kusifiwa kwanza palipo na sifa. Katika kueleza barabara, wanafunzi wetu wamefaulu. Mmoja ameitofautisha changarawe, inayoteleza chini ya tairi, na kokoto, zinazoirusha baiskeli na kumwumiza mpandaji viganja. Mwingine ameandika juu ya barabara "iliyojikunja kama bati," na kila aliyewahi kutetemeshwa na barabara ya namna hiyo atakubali kwamba hakuna maelezo yanayoizidi. Aliyepasuliwa tairi mara tatu kwa siku moja ametupatia aya nzima ya pancha, tyubu, viraka na gundi bila kukopa neno hata moja lisilo la lazima. Kwa wanafunzi ambao wengi wao walikianza Kiswahili wakiwa sekondari, hili si jambo dogo.

Mteremko wa kutoka Wundanyi umeandikwa na wote sita, kila mmoja kwa namna yake. Vidole vilikufa ganzi kwa kushika breki, na harufu ya rimu iliyopata moto ikatusindikiza hadi chini. Wasomaji watakaozipata insha hizi maktabani wasiziruke aya hizo.

Palipopungua

Upungufu unaanza pale waandishi wanapoiacha barabara na kuigeukia vita. Hebu tusome sentensi hizi, zilizotoka katika insha tatu tofauti: "Reli ilijengwa kwa haraka." "Maji yalisafirishwa kutoka mbali." "Risasi na chakula vilifikishwa mstari wa mbele." Kisarufi hazina kosa. Lakini katika insha hizo hizo tunakuta "Smuts alishambulia," "Lettow-Vorbeck aliamua kurudi nyuma," "Waingereza walishindwa." Majenerali ni watenda. Reli, maji na risasi vimetendwa, na aliyevitenda hatajwi.

Nani alibeba? Jibu linajulikana. Eneo kubwa la vita vile halikuwa na reli wala barabara ya kupita magari, na wanyama wa mizigo walikufa kwa maradhi yaenezwayo na mbung'o. Mzigo ulikwenda kichwani na mabegani mwa watu. Inakadiriwa kuwa upande wa Waingereza peke yake uliwatumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vyote, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Kongo na kwingineko. Waliokufa kati yao wanakaribia laki moja, wengi wakiuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na chakula kibovu kuliko risasi.

Wanafunzi wetu waliyajua hayo, kwani tuliyasoma pamoja kabla ya safari. Hata hivyo, katika insha sita, kitenzi "kubeba" chenye wapagazi kama kiima tumekikuta mara moja tu. Kwa upande mwingine, insha nne zina aya nzima juu ya simulizi ya mwanamke wa Kijerumani anayesemekana kujificha ndani ya mbuyu na kuwalenga askari wa Kiingereza kwa bunduki. Ni simulizi tamu, na mwongozaji wetu aliisimulia vizuri. Lakini mtu mmoja wa simulizi amepewa aya, na mamia ya maelfu ya watu wa kweli wamepewa nusu sentensi.

Hapa tunaomba tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kauli ya kutendwa ni mbaya. Kiswahili kina ukarimu mkubwa katika vitenzi vyake, na ukarimu huo unaweza kuficha jambo au kulifichua. Linganisha "walijiandikisha" na "waliandikishwa." Silabi chache zimebadilika, na pamoja nazo imebadilika historia nzima, hasa tukikumbuka kwamba mwaka 1917 serikali ya kikoloni nchini Kenya iliendesha uandikishaji mkubwa wa lazima. Linganisha pia "walibeba" na "walibebeshwa." La kwanza linatuonyesha kazi, na la pili linatuonyesha kazi pamoja na mkono uliowalazimisha. Kauli ya kutendwa ikimweka mpagazi katika nafasi ya kiima, inasema kweli. Ikiuweka mzigo katika nafasi hiyo, mpagazi anatoweka.

Jambo la kusikitisha ni kwamba malighafi waandishi wetu walikuwa nayo miilini mwao. Katika mlima wa Wundanyi mmoja wao alilalamika, na akauandika mlalamiko huo, kwamba mfuko wake wa kilo nane ulikuwa unamrudisha nyuma. Mpagazi wa 1916 alibeba karibu kilo 25, kwa miguu, wengi wao peku. Sentensi moja tu ingeziunganisha kilo nane na kilo 25, na insha ingesimama. Mwandishi alifika mlangoni, hakubisha hodi.

Mawe na neno

Pengine waandishi wetu waliifuata mifano waliyoikuta. Katika makaburi ya Taveta majina yamechongwa kwenye mawe kwa safu zilizonyooka, na wengi wa waliolala pale ni askari waliotoka mbali. Jijini Nairobi sanamu za ukumbusho zilizosimamishwa mwaka 1928 zina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanayowataja wapagazi, lakini hayataji jina la hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wakiwa Waafrika Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Lugha yetu ilifanya zaidi kidogo kuliko mawe. Jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi liliingia vinywani mwa watu likatoka "Kariakoo" Dar es Salaam na "Kariokor" Nairobi. Kila siku maelfu ya watu hununua nyanya na vitambaa mahali penye jina hilo, wengi wao bila kujua wanataja nini. Huo ni ukumbusho usio na ua wala lango, na kwa walimu wa lugha ni somo la kipindi kizima. Hakuna insha hata moja iliyoligusa.

Insha ya tano

Tumeiacha hii makusudi hadi mwisho. Mwandishi wake anatoka Busoga. Katika rasimu ya kwanza, baada ya kueleza makaburi ya Taveta, aliandika hivi: "Baba wa bibi yangu aliandikishwa. Hakurudi, na hakuna aliyejua alizikwa wapi, kwa hiyo matanga yake hayakukaliwa." Pembeni, kwa wino mwekundu, sisi tuliandika: "Nje ya mada. Insha ya safari isiingize habari za nyumbani." Tukakata alama tatu. Katika nakala safi sentensi hiyo haimo. Mahali pake pana maneno haya: "Wapagazi wengi pia walitumiwa."

Tuliposoma mara ya pili tukakumbuka jioni ile ya Taveta. Wenzake walikwisha kupanda baiskeli, naye alikuwa bado anapita safu kwa safu, anasoma kila jiwe hadi la mwisho. Tulidhani anachelewa tu. Tulimwita kwa sauti kali, kwa kuwa jua lilikuwa linazama na taa zetu hazikutosha.

Basi, mwandishi aliyejua nani alibeba alikuwapo, na alimweka kama kiima cha sentensi. Aliyemwondoa ni mwalimu. Tulipokuwa tukiwalaumu wanafunzi kwa kumficha mtenda, kalamu yetu ilikuwa imeshafanya kazi hiyo hiyo.

Hitimisho

Alama tatu zimerudishwa. Mwandishi tulimwomba radhi, na tulimwomba idhini ya kuyaandika haya. Aliikubali kwa masharti mawili: jina lake lisitajwe, na sentensi yake ichapishwe kama alivyoiandika kwanza. Tumeyatimiza yote mawili.

Kuanzia muhula huu, katika kusahihisha insha za safari, tutauliza swali moja kabla ya kuhesabu makosa ya tahajia: katika kila tendo lililoelezwa, nani alitenda, na je, ametajwa? Tunapendekeza walimu wenzetu walijaribu zoezi hili darasani. Chukueni aya moja ya historia kutoka kitabu chochote, wanafunzi wapigie mstari kila kitenzi cha kutendwa, kisha wamtafute mtenda. Palipo na baiskeli na kilima, zoezi hilo lifanyike huko.

Wasomaji wenye habari za wapagazi katika koo zao, kutoka wilaya yoyote, tunawaomba watuandikie. Majina yatakayotufikia yatachapishwa katika toleo lijalo, na safari hii kalamu nyekundu itakaa kando.