Upatanisho wa kisarufi uzingatiwe tangu programu inapoundwa

Mijadala yetu kuhusu Kiswahili na teknolojia aghalabu hukwama kwenye istilahi. Tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Tukishakubaliana, tunadhani kazi imekwisha.

Majuzi nilipitia kiendelezi cha kivinjari kilichoundwa na mwanafunzi wangu wa zamani. Kiendelezi ni programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari kukiongezea uwezo. Hiki hupanga kurasa ulizowekea alama ili uzirudie: huzitia katika folda, huzibandika lebo na kufuta viungo vilivyojirudia. Kinafanya kazi barabara. Kiswahili chake sasa! "5 kiungo imefutwa." "1 folda imehamishwa." Hii ya pili imenusurika nusu, kwa kuwa folda ni ya ngeli ya I-ZI na ilikuwa moja.

Istilahi hazina kosa hapa. Kasoro ni kwamba programu ina sentensi moja yenye mapengo mawili, idadi na nomino, kisha kitenzi kisichobadilika. Kwa Kiingereza hilo hupita. Kwa Kiswahili, kiungo kimefutwa, viungo vimefutwa, folda zimefutwa. Mfumo wa lugha wa viendelezi vya Chrome huruhusu mapengo ya kujazwa baadaye, ila hauchagui umoja au wingi kulingana na idadi. Mwanaprogramu sharti aupange uchaguzi huo mwenyewe.

Jina la ukurasa uliowekewa alama nalo lina kizaazaa chake. Katika faili hiyo hiyo nilikuta "alamisho hii" na "alamisho hili". "Hili" lina hoja: onyesha hutupa onyesho, fundisha hutupa fundisho, yote LI-YA. Kwa nini alamisha itupe neno la I-ZI? Mimi ningechagua kialamisho, likae na kiungo, kichupo na kivinjari katika KI-VI.

Wapo wanaokwepa tatizo kwa kumfanya mtumiaji kuwa mtenda: "Umefuta viungo 5." Kitenzi hakidai tena kupatana na viungo, na tarakimu inatuepusha na vitano. Ujanja mzuri. Lakini kiendelezi hiki hufuta chenyewe vilivyojirudia. Kumwambia mtu "umefuta" ilhali hakugusa kitu ni kumsingizia. Na "tumefuta" je? Akina nani hao? Hebu fikiria mwanafunzi aliyehifadhi kiungo cha fomu ya mkopo wa masomo, kikatoweka siku ya mwisho ya kutuma maombi. Anastahili kuambiwa waziwazi: "Viungo 5 vimefutwa kwa sababu vimejirudia." Hapo upatanisho hauna mahali pa kukwepewa.

Nilimshauri kijana aandike sentensi kamili kwa kila nomino, umoja na wingi. Ana nomino tatu: kialamisho, folda na lebo. Hizo ni sentensi sita kwa kila kitendo. Akalalama, eti hiyo ni kazi kuliko kuunda programu yenyewe! Namwelewa. Lakini mtafsiri anayeletewa faili mwishoni hana pa kupachika kiambishi. Mwenye uwezo huo ni anayeandika programu, tena mapema.

Isitoshe, folda na lebo zote ni I-ZI, kwa hivyo zinaweza kutumia kitenzi kimoja. Sita zinapungua kuwa nne. Aliposikia hivyo alifungua tarakilishi yake papo hapo na kuanza na "kimefutwa".