Mzigo Usiocheza: Kuitambua Baiskeli Iliyofungwa Vyema Kisangani

Kwenye barabara zinazoingia Kisangani kutoka Banalia au Lubutu, baiskeli ya kumba-kumba, mchuuzi anayesukuma mizigo kwa baiskeli, husifiwa kwa kimo cha mzigo wake: ina magunia mangapi, ina vidumu vingapi vya mawese, na je, anayeisukuma anaonekana au amefichika kabisa nyuma yake. Kipimo hicho hakifai. Kidumu cha lita 20 kikijaa mawese kina kilo 18 na kidogo. Vidumu 8 vinakaribia kilo 150, na baiskeli ya kawaida ya chuma huvihimili bila taabu ikiwa imesimama. Kinachoivunja ni uzito unaocheza, si uzito uliotulia. Kwa hiyo anayetaka kujua kama mzigo umefungwa na fundi au na mtu mwenye haraka, aache kuhesabu magunia. Ashike usukani kwa mkono mmoja na gunia la nyuma kwa mkono wa pili, aitikise baiskeli kushoto na kulia, kisha asikilize. Iliyofungwa vyema huenda nzima, fremu na mzigo kwa pamoja, na haitoi sauti ila ya tairi kusaga mchanga. Iliyofungwa vibaya hujibu mara mbili: fremu kwanza, mzigo baadaye. Huo mwachano mdogo kati ya fremu na mzigo ndio hasara yote ya safari, hata kama kwa siku ya kwanza hauonekani.

Ushahidi uko kwenye magurudumu. Gurudumu la inchi 28, ambalo ndilo la baiskeli nyingi za India na China zinazouzwa kwetu, husafiri mita 2.2 hivi kwa kila mzunguko. Kutoka Banalia hadi Kisangani ni karibu kilomita 130, yaani mizunguko inayokaribia 60,000. Katika kila mzunguko kila spoku hulegea kidogo inapofika chini na kukaza tena inapopanda. Chuma hukatika kwa kuchoshwa hivyo, mara nyingi pale spoku inapojikunja kuingia kwenye kitovu cha gurudumu, na spoku iliyolegea huchoka upesi kuliko iliyokazwa. Mzigo uliotulia huiongezea spoku kazi ileile iliyoizoea. Mzigo unaoyumba huleta kazi nyingine kabisa, ya kulisukuma gurudumu ubavuni, na ubavuni ndiko gurudumu la spoku lina udhaifu wake mkubwa. Baiskeli za muundo wa zamani wa Kiingereza zina spoku 32 mbele na 40 nyuma kwa sababu waliozibuni walijua uzito ungekaa nyuma. Basi kabla ya kutazama mzigo, gonga spoku za nyuma moja baada ya moja kwa kijiti. Zile za upande mmoja zikitoa sauti inayolingana, fundi alikuwa na subira. Zikitoa sauti kila moja na yake, usimsikilize mwenyewe anayekuonyesha tairi jipya.

Baada ya gurudumu njoo kwenye kamba, na hapa ndipo ufundi unapojulikana. Kamba ya nailoni hurefuka ikilowa, na katika mkoa wetu wa Tshopo hakuna mwezi wa kuamini kwamba mvua haitanyesha. Kamba ya katani hufanya kinyume, hukaza ikilowa, lakini huoza. Ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ndio wenye sifa zote mbili zinazotakiwa: hautelezi juu ya gunia, na gunia likishuka ujazo, ukanda wenyewe hulifuata. Na magunia hushuka. Mchele hujipanga upya njiani, makaa husagika, mihogo mikavu huvunjika pembe. Baada ya kilomita chache za mwanzo fundo lililokuwa gumu alfajiri limeshakuwa pambo. Wapo wanaosema kwamba mpira kwa asili yake hucheza, hivyo mtu anayepinga mzigo unaocheza asingeusifu. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Mpira uliovutwa kidogo ni bembea. Uliovutwa mpaka upana wake umepungua karibu nusu hauna tena nafasi ya kurefuka kwa mtikisiko mdogo, na nguvu yake yote inabaki kwenye kubana. Ubonyeze kwa kidole gumba: ukizama, umefungwa na mwanagenzi. Tazama pia kama ukanda umepitishwa kwenye bomba la fremu au umeishia kwenye keria tu. Keria ni kipande chembamba kilichoshikwa na boliti chache, na mzigo ulioikabidhi keria maisha yake yote utaanguka nayo mahali pa kwanza penye gogo.

Vimiminika vina hukumu yao. Kidumu kilichojaa pomoni kinatulia. Kilichojaa nusu kina wimbi ndani, na hakuna kamba inayoweza kulifunga wimbi. Mwenye vidumu viwili vya nusu nusu asiyevimimina kuwa kimoja hajui kazi, hata awe na baiskeli ya bei gani.

Mpangilio wenyewe hautaki maneno mengi: vizito chini na karibu na fremu, vyepesi juu, pande mbili zilingane, na gurudumu la mbele libaki na uzito wa kutosha kulifanya liandike njia. Ukiinua usukani kwa vidole viwili nao ukapanda, mzigo umekaa nyuma mno. Ushahidi mkubwa wa kanuni hii unatoka mbali na Kongo. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu, Wavietnamu walipeleka chakula na risasi milimani kwa maelfu ya baiskeli za kusukumwa, na baiskeli moja ilibeba kilo 200 na hata kupita. Walirefusha usukani kwa mwanzi ili mtu aongoze akitembea pembeni, wakasimamisha fimbo nyuma ya kiti ya kuegemea na kusukumia, na mizigo wakaining'iniza chini, ubavuni mwa fremu, badala ya kuirundika kwenye keria. Nani aliyewafundisha? Milima yenyewe. Mzigo wa juu huiangusha baiskeli mteremkoni, na wa chini hauiyumbishi sana. Kwetu hakuna milima ya namna hiyo, ila kila kijito kina mteremko wake na daraja la magogo chini yake, na breki za vyuma zikilowa hazishiki.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya mji. Toleka, baiskeli ya kubeba abiria, hupakia mzigo unaocheza kuliko wote, naye ni mtu mzima anayegeuka kusalimia jamaa zake, na bado baiskeli yake hudumu. Je, hilo haliangushi hoja? Haliiangushi, kwa sababu abiria hujisawazisha. Baiskeli ikilala kushoto, kiwiliwili chake humrudisha kulia kabla dereva hajahisi. Gunia halina akili hiyo. Ndiyo maana vifaa vya toleka vina ubora wa aina yake: mto mpana usioteleza, mahali imara pa kukanyagia miguu, na kishikio chini ya kiti cha dereva. Abiria asipopata pa kukanyaga hugeuka kuwa gunia. Anayenunua baiskeli iliyokuwa toleka ili aende nayo safari ndefu na ang'oe vyote hivyo, kwa kuwa havina kazi tena.

Wengine watasema haya yamepitwa na wakati: watalii wa Ulaya wana baiskeli za alumini, gia nyingi na mifuko isiyopitisha maji, na pikipiki zimeshaingia kila njia. Mifuko ile ni mizuri kwelikweli, na uzuri wake ni huohuo, imekaa chini, ubavuni, na haichezi. Lakini fremu ya alumini ikipasuka kijijini hakuna wa kuiunga, na chuma kinaungwa popote penye moto. Hata hivyo jihadhari na fremu iliyoungwa hovyo. Nondo za kuimarisha uma wa mbele zilizoshikwa kwa boliti ni bora kuliko zilizochomelewa, maana moto wa kuchomelea hudhoofisha bomba jembamba pembeni mwa kiungo. Ama pikipiki, hiyo hula petroli, na bei ya petroli huzidi kadiri unavyouacha mto na mji. Mchele unaolimwa ndani hauwezi kuilipia kila mara.

Kwa hiyo ukitafuta wa kumkabidhi mzigo wako, iwe unapelekwa Barumbu, Yangambi au Bafwasende, usimchague mwenye rundo refu kuliko wenzake. Mchague anayesimama baada ya kilomita chache, akaegemeza baiskeli kwenye fimbo yenye panda, na kukaza kila ukanda upya kabla hujamwambia.