Sikio la Mbali: Ushairi, Redio na Vilima vya Kisarawe

Mkoa unaitwa Pwani, lakini makao yake makuu hayaoni bahari. Kibaha imekaa kwenye barabara ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam, na ngurumo inayosikika mbele ya milango yake ni ya malori. Kisarawe nayo imepanda juu ya vilima vya Pugu. Huko bahari ni habari inayoletwa na upepo. Mtu wa miji hii miwili akishika redio usiku, akataka kusikia Unguja, Mombasa au sauti za mbali zaidi, hana budi kujiuliza kwanza: asimame wapi? Wapenzi wa redio wamelijua swali hili siku nyingi na wanalo jawabu lake. Wahakiki wa ushairi hawajaliuliza, ilhali linawahusu wao zaidi kuliko wanavyodhani.

Inafaa kuanza na ujuzi wa wapenzi wa redio, kwani ni ujuzi wa kweli. Wao huhesabu mambo manne: bahari, kimo, kimya na saa.

Maji ya chumvi hupitisha umeme mara mia kadhaa, hata mara elfu kadhaa, kuliko udongo mkavu. Kwa sababu hiyo mawimbi ya masafa ya kati yanayotambaa juu ya uso wa bahari huenda mbali kabla ya kuchoka, na yale yanayotambaa juu ya nchi kavu humezwa upesi. Mawimbi hayo yana urefu wa mita 190 hadi 560 hivi. Faida ya bahari huwa kubwa penye ukingo wa maji, nayo hupungua kadiri mtu anavyorudi bara, ingawa ni kwa hatua mia chache tu. Mtu wa Kibaha anayetaka masafa ya kati kwa ukamilifu wake atateremka Bagamoyo, akae mchangani, aelekee Unguja iliyo yapata kilomita 45 ng'ambo ya maji, kisha aigeuzegeuze redio yake taratibu. Ndani ya redio mna kijiti cha antena, na kijiti hicho kina upande kinaosikia na upande ambao ni kiziwi.

Kimo kina hukumu nyingine. Mawimbi ya FM hayajui kufuata mgongo wa dunia; yakifika upeo wa macho huendelea kidogo, kisha yakapotelea angani. Vilima vya Pugu vinafika karibu mita 300, na kutoka kimo hicho upeo wa redio hufika kiasi cha kilomita 70. Mlingoti wa upande wa pili nao una upeo wake, na hizo mbili zikijumlishwa, Unguja mjini, iliyo yapata kilomita 80 kutoka Kisarawe, huwa jirani. Hivyo aliye kilimani Kisarawe anaweza kusikia stesheni ya visiwani asiyoisikia mtu wa bondeni anayeishi karibu na bahari kuliko yeye.

Kimya ni jambo la tatu, na siku hizi ndilo gumu kulipata. Nyaya za umeme, chaja za simu, taa za kisasa na mitambo ya viwanda, vyote hutoa mkwaruzo unaofunika sauti dhaifu. Kibaha ya barabarani ina kelele hiyo; Kibaha ya mashamba, kuelekea bonde la Ruvu, ina nafuu. Kisarawe ina msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ambako waya wa umeme ni mgeni.

La nne ni saa. Mchana tabaka la hewa lililo kati ya kilomita 60 na 90 juu yetu humeza masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na lile la juu zaidi, kwenye kilomita 250 hadi 400, huyarudisha mawimbi ardhini. Ndiyo maana baada ya Magharibi redio hubadilika tabia: stesheni iliyokuwa bubu tangu asubuhi hufungua kinywa.

Huu ni ujuzi wa mpokeaji. Sauti ni ile ile iliyotoka studio, lakini inayomfikia aliye mchangani Bagamoyo siyo inayomfikia aliye kilimani Kisarawe, wala aliye chini ya taa za Kibaha. Mahali pa kusikilizia ni sehemu ya kinachosikika. Ushairi wa Kiswahili wa karne ya ishirini uliwafikia watu wengi kwa njia hii, na kuuhakiki kana kwamba uliwafikia kwa karatasi peke yake ni kuhakiki nusu yake.

Historia inathibitisha. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1965 chombo hicho kikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, London mwaka 1957, Peking mwaka 1961, na Ujerumani mwaka 1963. Kila mmoja wa wakubwa hawa alikuwa na shabaha yake ya siasa, na msikilizaji wa Uzaramo aliijua. Hata hivyo alifunga waya kwenye mwembe, akaianika betri juani ipate uhai wa usiku mmoja zaidi, akangoja. Pamoja na taarifa za habari alipata mashairi. Redio Tanzania ilikuwa na vipindi vya mashairi ambavyo wasikilizaji wenyewe walivitungia na kuvipelekea barua. Mombasa ilimrusha Juma Bhalo akiimba tungo za Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilitoka mwaka 1971. Abdilatif Abdalla, baada ya Sauti ya Dhiki ya mwaka 1973, alifanya kazi katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC huko London tangu 1979 hadi 1986. Na Unguja, kwa mtambo wa Dole, katika mita bendi 25, kilohezi 11735, ilipeleka taarab hadi kwa wasikilizaji wa Ulaya na Japani waliokuwa hawajui neno moja la Kiswahili ila walijua kwamba wamesikia kitu.

Katika miaka hiyo hiyo wataalamu wetu walikuwa na ugomvi mkubwa. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halistahiki jina hilo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 alivunja sharti la vina na mizani, akataka ushairi ukaribie usemi wa kawaida. Mulokozi na Kahigi, kwa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya mwaka 1979, waliutetea uhuru huo kwa hoja za kitaalamu. Wanamapokeo wakajibu kwa ukali. Upande mmoja ulitetea urithi. Upande wa pili ulitetea fikra. Wote walizungumza juu ya kinywa cha mshairi na ukurasa wa kitabu. Sikio lililokuwa Kisarawe usiku ule, likipambana na mkwaruzo, halikuitwa kutoa ushahidi.

Lau lingeitwa, lingesema nini? Tuchukue beti moja iliyotungwa kwa ajili ya mfano tu:

Nimepanda kilimani, sauti kuitafuta,
Imetoka visiwani, mawimbi inayapita,
Naisubiri gizani, hata ikija kusita.

Tuseme neno la mwisho limezama katika mkwaruzo. Msikilizaji amepata "hata ikija", kisha kishindo. Anajua bila kufikiri kwamba silabi tatu zimepotea, kwani kila kipande kina mizani minane. Anajua kwamba ya mwisho ni "ta". Anajua pia kwamba "kupita" limekwisha tumika, na mtunzi mzuri halirudii. Neno linajileta lenyewe. Kina na mizani, ambavyo darasani huitwa pambo na wengine wameviita pingu, hapa vimefanya kazi ya kamba: sauti imetumbukia kisimani na kamba imeitoa. Kituo kinachorudi mwisho wa kila beti nacho humrudisha aliyepotea. Stesheni ikififia katika beti ya pili na kurejea katika ya nne, kituo humwambia kwamba shairi ni lile lile. Vivyo hivyo katika taarab, ambako mstari huimbwa na kurudiwa: kinachokosekana mara ya kwanza hupatikana ya pili.

Haina maana kwamba mashairi yalitungiwa redio. Vina na mizani ni vya zamani kuliko mtambo wowote. Lakini vililelewa katika mazingira yenye shida ile ile: uwanja wa ngoma, baraza yenye mazungumzo, jahazini penye upepo. Ushairi huu ulizoea kusikika kwa taabu, na redio ya mbali ilipokuja uliikuta ikiwa tayari.

Shairi huru lina nguvu nyingine, nayo inategemea kimya. Kezilahabi hujua kuukata mstari mahali ambapo msomaji atashtuka, na ule utupu baada ya neno ni sehemu ya maana. Ukurasani utupu huo unaonekana. Katika masafa mafupi yanayofifia, kimya cha mshairi na kimya cha mtambo havitambulikani. Msikilizaji ananyosha mkono kutafuta stesheni kumbe mshairi anamtaka atafakari. Hiyo siyo hoja dhidi ya Kichomi. Ni kipimo cha mahali pake: ni ushairi wa taa ya kusomea, na hapo umetimia.

Wala sikio la mbali haliwapi wanamapokeo ushindi wa bure. Kamba huokoa ikiwa imesokotwa vyema. Katika beti ya mfano hapo juu kina cha kati ni "ni", nacho ni kina cha bei nafuu: kiambishi hicho huweza kubandikwa kwenye majina mengi ya kawaida kuonyesha mahali, kwa hiyo neno likipotea, "ni" haimwelekezi msikilizaji kokote. Ni hivyo hivyo kwa mtunzi anayemaliza kila mstari kwa irabu "a" pekee na kujidai ana kina, hali ya kuwa vitenzi vyetu vingi vinaishia hapo. Mashairi ya namna hii yalijaa hewani, yakaitwa ya jadi, na yalipofunikwa na mkwaruzo hayakurudi kwa sababu hayakuwa na kitu cha kuyarudisha. Sikio lililokaa gizani linaweza kutofautisha kina kinachofanya kazi na kina kilichopachikwa. Jicho husamehe vyote viwili.

Jambo hili lina haraka. Kituo cha Wajerumani cha Kigali, kilichorusha matangazo tangu miaka ya 1960, kilifungwa Machi 2015. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa kwa amri ya serikali yake, idhaa ya Kiswahili ikiwemo. Masafa mafupi yanabaki matupu, na kelele za umeme zinajaza nafasi. Mtoto wa Kibaha sasa husikia Unguja kwa simu, safi kama maji ya mtungi, awe kilimani, awe bondeni, awe chooni. Hii ni neema, na anayeilaumu hakuwahi kuikosa taarifa muhimu kwa sababu ya wingu la mvua. Lakini kila neema ina ankara yake. Sauti isiyodai mahali haidai usikivu pia. Hukatwa kwa kidole, hurudishwa kwa kidole, na aghalabu hairudishwi. Aliyepanda kilima cha Kisarawe kwa ajili ya shairi moja alilisikiliza hadi mwisho.

Kizazi kilichosikiliza namna ile kinaondoka, na pamoja nacho unaondoka ushahidi ambao kitabu hakikuuhifadhi: shairi lipi lilivuka bahari likafika zima, lipi lilifika vipande, na watu walizibaje mapengo. Wapo wazee waliokariri tungo ambazo hawajaziona zimeandikwa, na katika kukariri kwao kuna maneno yasiyokuwemo katika diwani. Mhariri wa kawaida atayaita makosa. Mhakiki mwenye busara atauliza yalisikikia wapi, saa ngapi, na kwa redio gani, kwani huenda neno la msikilizaji likawa jema kuliko la mtunzi. Kanda za Redio Tanzania zilizorithiwa na shirika la sasa la utangazaji nazo zinahitaji wahakiki wa kuzisikiliza, maana mafundi wa kuzisafisha peke yao hawatoshi.

Kwa mtunzi wa leo, awe wa vina au asiwe, kipimo kipo na hakihitaji mtambo. Alitoe shairi lake kwa mtu mwingine, amwombe alisome katika chumba cha pili, mvua ikipiga bati. Yeye akae upande huu wa ukuta na kuandika yanayomfikia. Yatakayobaki kwenye karatasi hiyo ndiyo ambayo kilima cha Kisarawe kingeyapokea.