Vyombo ni vya Nani? Maoni juu ya Muziki wa Dansi na Siasa yetu ya Utamaduni

Kila suala la utamaduni linapowekwa mezani katika madarasa ya siasa, mjadala huishia kwenye nguo, viuno na matusi. Ndugu mmoja atasema singeli ni muziki wa wahuni wa Manzese na Tandale. Mwingine atasema Bongo Fleva ni kasumba iliyotoka Marekani. Wa tatu, kwa kawaida mwenye mvi, atasifu dansi la zamani kwamba lilikuwa na mafunzo. Wote watakubaliana kwamba Baraza la Sanaa liongeze ukali, na kikao kitafungwa. Hakuna aliyeuliza gitaa, spika, ukumbi na mkataba ni mali ya nani.

Kwa chama kilichorithi Azimio la Arusha, hilo ni jambo la kushangaza. Azimio la 1967 halikuanza kwa kuuliza mabepari wanavaa nini. Liliuliza nani anamiliki njia kuu za uchumi, na nani anaishi kwa jasho la mwenzake. Lakini tukifika kwenye burudani tunaziweka kando zana hizo za uchambuzi na kuwa mashehe na wachungaji.

Mwenendo huu una historia. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, na Operesheni Vijana ikaanza rasmi Januari 1, 1969. Mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Sisemi kwamba hofu iliyokuwa nyuma ya makatazo hayo ilikuwa ya bure. Kasumba ya kikoloni ilikuwapo na ipo. Lakini mzigo wa operesheni ile uliwaangukia zaidi wasichana waliokuwa wakisubiri mabasi Kariakoo. Nusu karne baadaye, mwaka 2018, tulikuwa bado tunafungia nyimbo. Orodha za nyimbo zilizofungiwa huzeeka upesi sana, na baada ya miaka michache vijana hawakumbuki hata sababu.

Tuanze basi na vyombo.

Wakati wa ukoloni muziki wa dansi ulikuwa mali ya vilabu. Dar es Salaam Jazz ilianza miaka ya 1930, na baadaye zikaja Western Jazz, Kilwa Jazz, Cuban Marimba ya Morogoro na nyingine nyingi. Klabu ilikuwa na wanachama, na vyombo vilikuwa vya klabu. Mwanamuziki alikuwa karani, fundi au kuli mchana, na mpiga gitaa usiku. Tusiupambe mpango huo: fedha zilikuwa haba, na wenye sauti ndani ya vilabu mara nyingi walikuwa wale waliojua kusoma na kuandika. Hata hivyo mpigaji alikuwa na haki ya kusimama mkutanoni na kuuliza kiingilio cha Jumamosi kimekwenda wapi.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz. Baada ya hapo mashirika, majeshi na jumuiya za Chama zikafuata: Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, Polisi Jazz, Bima Lee ya shirika la bima, na Mlimani Park iliyoanza 1978 na kuwa mali ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, yaani DDC, mwaka 1983. Hatua hii ilikuwa kubwa, na wanaoibeza leo hawaijui. Kwa mara ya kwanza mpiga saksafoni alihesabiwa kuwa mfanyakazi mwenye mshahara wa mwezi. Hakutegemea tena mlevi wa kumtunza.

Lakini hapa pana kosa la nadharia ambalo hatujalichambua vya kutosha. Tulidhani kwamba chombo kikiwa cha shirika la umma, basi tayari ni cha umma. Gitaa lilikuwa la shirika, na shirika lilikuwa na meneja. Mwanamuziki hakuwa na kauli juu ya ratiba, kiingilio, wala rekodi. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipoonya juu ya viongozi wenye kiburi na kutaka wananchi washirikishwe katika maamuzi, wafanyakazi wa viwandani waliushika kama silaha. Sijaona dalili kwamba Mwongozo ulipanda jukwaani pia.

Ndiyo maana wanamuziki walihama kila mara. Muhiddin Gurumo aliyekuwa NUTA Jazz tangu mwanzo alikwenda Mlimani Park mwaka 1978, na mwaka 1985 yeye na wenzake wakahamia Safari Sound, bendi ya mfanyabiashara. Mashabiki waliita mambo hayo tamaa na usaliti, na wengine walizirai kwa uchungu kama vile mchumba kachukuliwa. Mchambuzi wa kijamaa hapaswi kusema maneno ya mashabiki. Mtu asiyemiliki gitaa, wala spika, wala ukumbi, ana bidhaa moja tu ya kuuza, nayo ni nguvu yake ya kazi: koo lake na vidole vyake. Akihama huondoka na hivyo tu, na kule aendako humkuta mwenye vyombo mwingine.

Rekodi nazo zilikuwa na hadithi hiyo hiyo. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania, nyimbo zikapigwa hewani miaka nenda miaka rudi bila mirabaha kumfikia mtunzi. Waliotaka santuri walitazama Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe mpaka alipofariki kwa ajali ya gari huko Kenya Januari 1979. Kisha zikaja kaseti, na kila mwenye mashine mbili Kariakoo akawa mchapishaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa 1999, wakati wengi wa watunzi hao walikuwa wazee au wamezikwa.

Mashirika yalipodhoofika na kuuzwa katika miaka ya 1980 na 1990, mishahara ilikatika. Wanamuziki wakabaki na umaarufu, ambao hauliwi.

Mwaka 2013 Gurumo alitangaza kustaafu. Diamond Platnumz, kijana tajiri wa muziki mpya, alimzawadia gari. Magazeti yalisifu, na kwa utu wake kijana yule alistahili sifa. Gurumo alifariki Aprili 2014. Lakini nawauliza wanafunzi wangu: mfanyakazi aliyeimba kwa nusu karne, chini ya chama cha wafanyakazi na chini ya shirika la jiji, kwa nini uzee wake ulisubiri hisani ya kijana? Darasa moja lilinijibu kwamba wanamuziki wa zamani walikuwa walevi. Jibu hili lingefurahisha sana mameneja wa enzi zile.

Wako ndugu wanaodai kwamba suala hili sasa limepitwa na wakati, kwa kuwa kijana mwenye kompyuta moja chumbani Tandale ana studio kamili. Hoja ina ukweli, nayo inaeleza kwa nini singeli imezaliwa uswahilini na siyo hotelini. Lakini njia ya uzalishaji ikishuka bei, mnyonyaji husogea mbele na kukaa njiani kuelekea sokoni. Leo njia hiyo ni YouTube na Boomplay, ambazo wenyewe hawako Tandale, na ni lebo yenye mkataba. Mwaka 2019 Harmonize alipoondoka katika lebo ya WCB ya Diamond alieleza hadharani kwamba ilimbidi alipe fedha nyingi ili awe huru. Ni mkono ule ule uliotoa gari. Sisemi hivi kwa kumsimanga mtu. Ukarimu wa mtu na masharti ya mali ni vitu viwili, na kada asiyevitenganisha hawezi kuichambua hata bajeti.

Sisi wenyewe wana-CCM hatuna mikono mitupu. Kampeni zikifika huwakodi wanamuziki kwa siku, tukawapandisha jukwaani mbele ya maelfu, na kesho yake hatujui wanaishi wapi. Matawi yetu yana kumbi na viwanja vya burudani. Hukodishwa kwa mwenye fedha, naye hukodi bendi kwa bei aitakayo.

Kamati za Siasa zinaweza kuanza hapo. Mkataba wa ukumbi useme sehemu gani ya kiingilio ni ya wanamuziki, hesabu ya usiku ibandikwe mlangoni, na kikundi kilichojiunga katika ushirika wa kumiliki vyombo vyake kipewe ukumbi kabla ya mfanyabiashara. Hakuna kati ya hayo linalosubiri sheria ya Bunge wala kibali cha Baraza la Sanaa. Kama ni singeli au ni rumba, tutabishana baadaye.