Shajara za Walezi wa Tembo

Mashirika ya hisani katika Afrika Mashariki ni mengi, na mengi kati ya hayo sasa yana tovuti, ukurasa wa Facebook na akaunti ya Instagram. Kati ya yale ninayoyafuatilia, sijaona linaloitumia intaneti kwa ustadi kama Sheldrick Wildlife Trust la Nairobi, linalolea watoto wa tembo waliofiwa au kupotezana na mama zao. Wengi huusifia upande unaoonekana: picha safi, video za ndama wanaogombea chupa za maziwa. Mimi ninachokistaajabia kiko nyuma ya picha hizo. Ni shajara ambazo walezi wa tembo huandika siku baada ya siku.

Shirika hili lilianzishwa na Daphne Sheldrick mwaka 1977, kwa kumbukumbu ya mumewe David, mhifadhi mkuu wa kwanza wa hifadhi ya Tsavo Mashariki, aliyefariki mwaka huohuo. Daphne alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa yanayomfaa ndama mchanga, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe humuua. Jawabu alilipata katika mchanganyiko wenye mafuta ya nazi. Ndama wa kwanza mchanga sana aliyekua kwa maziwa hayo aliitwa Aisha. Daphne alipoondoka kwenda kwenye harusi ya binti yake, Aisha aliacha kula, akafa. Alikuwa amemshikilia mtu mmoja tu. Tangu hapo walezi hupokezana. Ndama hunyonyeshwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, mlezi hulala naye zizini, na usiku unaofuata analala naye mlezi mwingine.

Mpango kama huo unamtaka kila mtu ajue yaliyotokea zamu iliyopita. Nani ameharisha? Nani amekataa chupa? Nani amekuwa mpweke tangu rafiki yake ahamishwe? Anayelea hana budi kutazama, na mwenye kutazama kwa makini huwa na la kuandika.

Ukizisoma shajara zenyewe, ambazo huwekwa kwenye tovuti mwezi baada ya mwezi, kituo kwa kituo, utaona hazina mapambo. Fulani amemsukuma mwenziwe apate kusimama karibu na mlezi ampendaye. Fulani ametishwa na ngiri, akakimbia masikio yamepanuka. Asubuhi ilikuwa ya baridi, hakuna aliyetaka kuingia matopeni. Kundi liliongozwa na huyu leo, ingawa jana aliongoza yule. Hakuna sentensi inayomwambia msomaji ahuzunike au afurahi. Mwandishi ameona, akasema alichokiona, akaenda zake kuchanganya maziwa. Nimesoma maandishi mengi ya watu waliosomea mawasiliano, na ni machache yanayonipa imani niliyonayo kwa mlezi aliyeshinda porini na wanyama wale kutwa nzima.

Juu ya msingi huo ndipo mkakati wa mtandao ulipojengwa. Kwa dola 50 kwa mwaka, mtu aliyeko Mombasa, London au Toronto anaweza kumwasili ndama mmoja kwa jina. Kila mwezi hupata baruapepe ya habari za kituoni, pamoja na picha ya rangi za maji iliyochorwa na Angela Sheldrick, binti wa Daphne, ambaye ndiye kiongozi wa shirika sasa. Shajara ziko wazi kwake, aone mwanawe alifanya nini mwezi uliopita.

Tazama ufundi ulivyo katika majina. Mara nyingi ndama hupewa jina la mahali alikookolewa au la karibu na hapo: Musiara ni wa Maasai Mara, Murera ni wa upande wa Meru. Jina hilo halibadiliki. Litatajwa kituoni Nairobi, kisha litatajwa Voi, Ithumba au Umani Springs, ambako ndama hupelekwa kujifunza maisha ya porini. Safari ya kurudi mwituni huchukua miaka mingi, kwa baadhi yao hata kumi, na msomaji huifuata yote. Mwaka 2017 alipookolewa Enkesha kutoka Mara, mtego wa waya ulikuwa umekaribia kuukata mkonga wake. Alifanyiwa upasuaji. Waliomfuatilia walisoma jinsi kidonda kilivyopona taratibu, na jinsi alivyojifunza kuutumia tena mkonga huo. Ni nani angekatisha mchango wake katikati ya habari kama hiyo? Na wapo majike waliolelewa kwa chupa ambao baadaye wamerudi kutoka mwituni wakiwa na watoto waliowazaa huko, wakawaleta mbele ya walezi wao wa zamani. Aliyemsoma mama huyo tangu akiwa ndama wa kufunikwa blanketi kituoni hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Vifo navyo huandikwa. Ndama wengine hufikishwa Nairobi wamechelewa, wamedhoofika kwa ukame au wana nimonia, na hawapati kucha. Shirika lingeweza kunyamaza. Likasema. Kwa maoni yangu hapa ndipo wachangiaji walipojifunza kuliamini, maana anayekuambia habari mbaya pasipo kulazimishwa utamsadiki hata atakapokuletea njema.

Linganisha na njia ya pili, ya kishindo. Machi 2012 shirika la Invisible Children la Marekani lilitoa video ya nusu saa kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, na ndani ya siku sita ilikuwa imetazamwa mara milioni 100. Mwezi huohuo ilionyeshwa hadharani mjini Lira, kaskazini mwa Uganda, mbele ya watu walioonja vita vyenyewe. Walikasirika, mawe yakarushwa. Kony alikuwa ameshaondoka Uganda miaka kadhaa nyuma, na waathirika hawakujiona katika hadithi iliyosimuliwa kwa jina lao. Usiku wa 20 Aprili, uliopangwa na kampeni hiyo uwe wa kubandika mabango katika kila mji, waliojitokeza walikuwa wachache. Watazamaji wa Machi hawakuwa na cha kusoma Aprili.

Kuna jambo lingine ambalo maafisa wa mawasiliano hulisahau kwa urahisi. Mitandao ya kijamii ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hubadilisha masharti apendavyo. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Facebook itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya kurasa, na mashirika yaliyoweka kila kitu humo yakaona wasomaji wao wakipungua. Anwani za baruapepe na tovuti ni mali ya shirika lenyewe. Sheldrick hutumia Instagram na YouTube kwa bidii, lakini milango hiyo yote humleta mtu nyumbani: kwenye shajara, na kwenye orodha ya wanaotarajia barua ya mwezi.

Si kila kitu cha kuigwa kama kilivyo. Tembo haoni aibu jina lake na kidonda chake vikitangazwa dunia nzima. Mtoto wa binadamu huona, au ataona akikua. Kituo cha mayatima kitakachoweka mtandaoni picha za watoto na habari za maisha yao, wafadhili wachague, kitakuwa kimekosea vibaya, na pia kitakutana na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Cha kuchukua hapa ni shajara ya mtenda kazi. Muuguzi wa zahanati aandike siku ilivyokwenda pasipo kumtaja mgonjwa: chanjo zilifika saa ngapi, jokofu lilizimika kwa muda gani, barabara ipi ilikatika kwa mvua. Fundi wa visima aandike kina walichofika, aina ya mwamba, siku pampu ilipoharibika na aliyeitengeneza. Afisa wa mawasiliano asahihishe herufi, achague picha, asiyaguse mengine.

Nina dai moja kwa Sheldrick wenyewe. Shajara hizi huandikwa kwa Kiingereza, na wasomaji wake wengi wako mbali. Anayeishi Voi au Kibwezi, ambaye shamba lake limewahi kukanyagwa na tembo usiku, ana sababu kubwa kuliko mtu wa London ya kujua wanyama hawa wanalea vipi watoto wao, wanaogopa nini, wanakumbuka nini. Kule kaskazini mwa Kenya ndama hutumbukia katika visima vya wafugaji, na mara nyingi wafugaji hao ndio wanaotoa taarifa ili aokolewe. Hao ni washirika katika kazi hii. Wastahili kuyasoma matokeo yake.

Kwa hiyo nawaomba Sheldrick wazichapishe shajara kwa Kiswahili pia, lugha inayowaunganisha walezi waliotoka jamii mbalimbali za Kenya. Nawe msomaji, kama una kauli katika shirika lolote, kabla hujaidhinisha fedha za kampeni mpya ya mitandaoni, mnunulie daftari mtu anayeifanya kazi yenyewe, umpe nusu saa ya kuandika kila jioni, na nusu saa hiyo ihesabiwe katika mshahara wake.