Lugha na Ardhi: Uvamizi wa Wanormani katika Riwaya ya "Ivanhoe"

Riwaya ya Walter Scott iitwayo Ivanhoe, iliyotolewa Desemba 1819, imewafunza wasomaji wengi namna ya kuufikiria uvamizi wa Wanormani nchini Uingereza. Humo, yapata miaka 130 baada ya Mfalme Harold kuuawa vitani Hastings mwaka 1066, Wasaksoni na Wanormani wangali mahasimu wasiopikika chungu kimoja. Scott ameuchora uhasama huo kwa ustadi. Lakini kwa kuushughulikia mno ugomvi wa makabila, ameufunika ugomvi wa ardhi na madaraka, ambao ndio ulioamua hatima ya lugha.

Katika sura ya kwanza, Wamba mchekeshaji anamweleza Gurth, mchunga nguruwe, kwamba mnyama huwa na jina la Kisaksoni anapochungwa, na la Kinormani anapopakuliwa mezani. Mzaha huu una makali, nao umenukuliwa mara nyingi kama muhtasari wa uvamizi wote. Hata hivyo, Gurth amevishwa pete ya shaba shingoni, na bwana aliyemvisha ni Cedric, Msaksoni mwenziwe. Lugha moja haikumkomboa. Aidha, utumwa wa namna hiyo ulikuwa mwingi kabla ya 1066, na kufikia wakati wa hadithi ulikuwa umekaribia kutoweka. Waliobaki wengi ni wakulima waliofungwa na ardhi ya bwana. Cedric na mtumwa wake ni watu wa karne ya 11 waliohamishiwa mwisho wa karne ya 12.

Mageuzi makubwa yalikuwa kwingine. Katika majira ya baridi ya 1069 na 1070 majeshi ya William yaliteketeza vijiji na nafaka kaskazini mwa nchi. Mwaka 1070 Askofu Mkuu Stigand aliondolewa, na nafasi yake ikashikwa na Lanfranc, mzaliwa wa Pavia, Italia. Hesabu ya mashamba iliyofanywa mwaka 1086, iitwayo Domesday, inaonyesha kwamba makabaila wa Kiingereza waliobaki na mali kubwa walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Lakini majimbo, mabaraza na kodi vilikuwa vile vile vya Waingereza. William hakuivunja mitambo ya utawala, aliwabadilisha walioishika.

Hapo ndipo ilipo siri ya lugha. Kabla ya 1066 Kiingereza kilikuwa lugha ya sheria, tarikh na hati za mfalme. Baada ya 1070 hati hizo zikaandikwa kwa Kilatini, na baadaye Kifaransa kikatawala mahakamani. Tarikh ya Peterborough, iliyoendelea kuandikwa kwa Kiingereza, ilikoma na habari za mwaka 1154. Kiingereza hakikuondolewa barazani kwa upungufu wa msamiati, kwani kazi hiyo kilikwisha kuifanya; kiliondolewa kwa sababu wenyewe walinyang'anywa mashamba na vyeo.

Ni haki kukiri kwamba Scott, mwishoni mwa riwaya, anaashiria kuchanganyika kwa mataifa hayo mawili na lugha zao. Ila anauchelewesha mno mchanganyiko huo. Katika miaka ya 1170 Richard FitzNigel, mweka hazina wa mfalme, aliandika kwamba kwa kuoana kwao ilikuwa vigumu kumtambua nani Mwingereza na nani Mnormani miongoni mwa watu huru. Damu ilichanganyika mapema, lugha ilisubiri. Sheria ya kuamuru mashauri yasemwe kwa Kiingereza mahakamani ilipitishwa mwaka 1362, na yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa.

Kwa mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, kasoro hii ya riwaya si ndogo. Mzaha wa Wamba unamfanya aitafute historia ya lugha katika maneno iliyoazima, na kumbe maneno ni nyayo tu. Aliyepita ni mwenye shamba na mwenye muhuri.