Ukame Haukujenga Kijiji

Katika madarasa yetu ya siasa bado inafundishwa kwamba ukame ndio uliowalazimisha wawindaji wa enzi za ujima kutulia mahali pamoja. Rai hii ilienezwa na Gordon Childe, mwanaakiolojia mfuasi wa Marx, katika kitabu chake cha 1936: mvua zilipungua, watu na wanyama wakasongamana kwenye chemchemi, kilimo kikazaliwa. Tunamheshimu Childe, lakini hapa alikosea. Robert Braidwood alipochimba Jarmo, Iraki, kuanzia 1948, alikuta kijiji cha kale kwenye vilima vyenye mvua.

Kwetu ushahidi uko karibu zaidi. Waliofinyanga vyungu vya Kansyore, vilivyopewa jina la kisiwa cha mto Kagera, walikaa kandokando ya Ziwa Victoria majira kwa majira wakitegemea samaki, bila jembe. Huko Ziwa Eyasi jua ni moja: Wahadzabe huwinda, Wadatoga huchunga. Kama mbingu ndiyo huamua, tofauti hiyo imetoka wapi?

Hali ya hewa huweka mipaka. Ndani ya mipaka hiyo huamua zana, kazi na mahusiano ya watu. Wanafunzi wa Gwarama waulize wazee wao. Waha waliotawanyika vilimani walianza kukusanywa vijijini katika Operesheni Kigoma ya 1972, kwa uamuzi wa Chama na Serikali. Si wote walioridhia. Kada anayesema vijiji huletwa na mvua au jua atawajibu nini wazee hao wakimuuliza nani aliamua?